GM kuhama Renaissance Center ya Detroit: mjengo uliua mji, au mji ndio ulioua mjengo?

#1 JaMilimani
Habari wadau. Kuna jambo limenikwama kichwani tangu nisome habari za Detroit, Marekani. Pale ukingoni mwa mto, ng'ambo ikiwa Kanada, kuna minara ya vioo inaitwa Renaissance Center, kwa kifupi RenCen. Aliyeusukuma mradi huo ni Henry Ford II, mjukuu wa yule Ford wa magari. Aliyeuchora ni John Portman wa Atlanta, msanifu ambaye pia alikuwa mwekezaji wa majumba: anachora, anatafuta pesa, anajenga, anabaki na hisa. Katikati kuna hoteli ya orofa 73, na pembeni yake minara minne ya ofisi ya orofa 39 kila mmoja. Ilipofunguliwa 1977 watu wakaambiwa mji umefufuka.

Sasa kampuni ya magari ya General Motors (GM), walioinunua 1996, walitangaza Aprili 2024 kwamba wanahama. Novemba mwaka huohuo likatoka pendekezo la kubomoa minara miwili kati ya hiyo. Sehemu ya jumba lililokusudiwa kuokoa mji inapendekezwa kubomolewa kabla hata halijazeeka.

Nauliza kwa sababu sisi hapa Kisumu hatuachi kuonyeshwa picha za kompyuta za minara kando ya ziwa, zenye wazungu wanaotembeza mbwa chini ya miti ambayo haimei Nyanza. Kwa maoni yangu RenCen iliuzibia mji mto. Nani ana maoni tofauti?

#2 TuktukNo9
Wa kwanza hapa. Hao wazungu wa kwenye picha wanapanda tuktuk ama wanatembea tu na mbwa?

#3 FundiMstari
JaMilimani, umeanza vizuri ila tuweke mambo sawa kuhusu huko kuziba. Kilichosemwa sana ni vile vilima vya zege vilivyokuwa mbele, upande wa barabara ya Jefferson. Wengi hudhani vilijengwa ili kuwazuia watu wa mtaani. Ndani yake kulikuwa na mitambo ya joto na hewa ya jumba zima. Mitambo ya jumba la ukubwa ule lazima ikae mahali, na wao wakaiweka usoni kabisa pa jengo. Mpita njia akija kwa miguu kutoka katikati ya mji anakutana na zege inayomzidi kimo, anauliza mlango uko wapi.

GM ndio waliokuja kuvibomoa wakafungua mlango wa vioo upande wa mji. Upande wa mto nao wakaongeza ukumbi wa vioo wa orofa tano. Kabla ya hapo jumba lililo kando ya mto halikuwa hata na mlango wa maana wa kutokea mtoni.

Portman nitamtetea kidogo. Hoteli yake ya Hyatt Regency pale Atlanta, 1967, ilibadilisha hoteli za dunia: ua wa ndani wa orofa 22, lifti za vioo zinapanda ukiziona. Mteja anaingia, anainua kichwa, anasahau barabara. Ndiyo ilikuwa biashara yake, usahau barabara.

#4 Wakili_wa_Mchezo
Nyinyi mnailaumu zege bure. Detroit ilikuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950. Sensa ya 2020 iliwakuta 639,111. Niambieni ni jengo gani duniani linafukuza watu zaidi ya milioni moja? Ghasia za 1967 zilikuwa zimeua watu 43. Viwanda vilikuwa vinahamia nje ya mji, weupe wanahamia nje ya mji, barabara kuu zimekata mitaa ya weusi vipandevipande. Ford alijenga kwa sababu mji ulikuwa unakimbiwa, kisha tunamwambia yeye ndiye aliyeukimbiza.

#5 NyarKibos
Wakili, hakuna aliyesema jengo lilifukuza milioni moja. Tatizo ni kile lilichowafanyia waliobaki.

Mimi ni mhasibu, naangalia wapangaji. Minara ile ya ofisi ilijazwa na nani? Kampuni zilezile zilizokuwa zinapanga majumba ya zamani katikati ya mji. Ford akahamisha watu wake, wengine wakabembelezwa wafuate. Kazi mpya hazikuja, ofisi zilihama tu mtaa mmoja hadi mwingine, na huku nyuma majumba yakabaki na mabango ya kukodisha. Unaongeza nafasi ya ofisi katika mji unaopungua watu, halafu unategemea nini? Ukitaka ushahidi, duka kubwa la Hudson's lililokuwa moyo wa mji lilifungwa 1983, miaka sita tu baada ya RenCen kufunguliwa. Jengo lake likalipuliwa 1998. Na GM walitangaza kuhamia wapi? Jengo jipya lililojengwa kwenye kiwanja hichohicho cha Hudson's.

#6 Wakili_wa_Mchezo
Hudson's ilifungwa kwa sababu wateja walikuwa wamehamia nje ya mji na maduka yamewafuata huko. Jambo kutokea baada ya jingine haimaanishi la kwanza ndilo lililoleta la pili. Na wewe ni mhasibu!

#7 NyarKibos
Ndiyo maana nikasema wapangaji wa ofisi. Soma tena polepole.

#8 MtotoWaKakamega
Mulembe. Mimi ninavyojua mradi huu ulikuwa wa meya Coleman Young, meya wa kwanza mweusi, na uligharimu nusu bilioni ya dola. Ilikuwa siasa, alitaka jina. Hata hapa kwetu mnajua gavana akitaka jina anafanya nini.

#9 DiasporaMI
Salamu kutoka Michigan, baridi inatumaliza.

MtotoWaKakamega, hapo umechanganya. Mradi ulitangazwa 1971, meya akiwa Roman Gribbs. Young aliingia ofisini Januari 1974 akaukuta unajengwa, akaukumbatia. Gharama ya awamu ya kwanza ilikuwa dola milioni 337. Nusu bilioni uliyoisikia yawezekana ni pesa walizotumia GM kuirekebisha baadaye. Minara mingine miwili midogo, orofa 21, iliongezwa 1981.

Nimeingia mle. Kanisa letu lilikuwa na kongamano katika ile hoteli. Chini pale hakuna kona, kila kitu ni duara. Unatembea kwenye njia inayozunguka nguzo, unapita duka la kahawa, unapita ngazi, unapita watu wameketi, halafu duka la kahawa hili hapa tena. Mama mmoja wa Kisii tuliyekuwa naye alikaa chini kwenye kochi akakataa kutembea zaidi, akasema yeye atangoja aje kuchukuliwa. Tukamwuliza mlinzi njia ya kwenda ukumbini, akacheka kabla hatujamaliza swali. Akaonyesha juu, akasema fuateni ile duara yenye taa. Hiyo duara GM waliiongeza baadaye makusudi, ili watu waache kupotea.

Ila nitasema ukweli, ukipanda juu ukaona mto na daraja la kwenda Kanada, unaelewa kwa nini walilipenda. Na usiku, kutoka upande wa Windsor, kule Kanada, ndilo jengo linalokuambia hii ni Detroit. Watu wa huku hawalipendi wala hawataki liguswe.

#10 TuktukNo9
Huyo mama wa Kisii ndiye msanifu bora kwenye uzi huu.

#11 Kipande_cha_Nakuru
Niko. Detroit iliitwa mji wa magari, kampuni tatu zikiugua mji mzima unalala. Hiyo ndiyo sababu, si duara wala zege. RenCen ilijengwa na kampuni ya magari, ikauzwa kwa kampuni ya magari, kisha kampuni ya magari ikatangaza kuhama. Mpangaji mmoja mkubwa akitoka, jumba linabaki na upepo. Sisi Wakenya hili tumelionja. Supamaketi za Nakumatt zilipoanguka, majumba mangapi ya maduka yalibaki na shimo katikati?

#12 JaMilimani
@Kipande_cha_Nakuru Nakumatt mnatuletea nyinyi halafu mnatuhubiria. Si jina lenyewe ni Nakuru Mattress?

#13 Kipande_cha_Nakuru
Tuliwauzia magodoro mazuri. Mlikoyapeleka ni shauri yenu. Na Tuskys na Naivas pia ni watoto wa huku, karibu tena.

#14 MamaOmena
Hamjambo. Huwa nasoma tu lakini leo Kipande amenigusa.

Nilikuwa na duka la nguo za watoto orofa ya pili katika jumba moja la maduka hapa Kisumu, sitalitaja. Nilipoingia supamaketi ilikuwa chini, kubwa, watu wanaingia kama wako harusini. Mtu akinunua unga na sabuni anapanda juu kuangalia. Supamaketi ikaanza kukosa mkate. Halafu maziwa. Ukiona supamaketi rafu zimepangwa chupa za maji peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, jua unahama.

Ilipofungwa, mwenye jumba hakupunguza kodi hata shilingi. Kilichoniua kabisa ni ngazi ya umeme. Waliizima ili kuokoa stima. Sasa mteja anaingia, anasimama chini ya ile ngazi iliyokufa, anatazama juu, anatuona tumesimama milangoni tunamtazama, anaona haya, anageuka. Kila siku hivyo. Nikafunga nikaenda soko la Kibuye. Kibuye kuna tope na jua, lakini hakuna mtu wa kupanda ngazi.

#15 FundiMstari
Pole mama. Ulichokisimulia ndicho RenCen yenyewe. Maduka yake ya ndani yalikuwa mbali na barabara, yakitegemea wafanyakazi wa ofisini juu. Saa kumi na moja jioni wafanyakazi wanashuka kwenye maegesho, wanaingia magari, wanarudi vitongojini kwao nje ya mji. Muuza duka anamuuzia nani saa moja usiku?

#16 TuktukNo9
Mama Omena nakujua kwa sura nadhani, ulikuwa unaning'iniza zile nguo ndogo za njano mlangoni.

Mimi naongeza ya geti. Kuna majumba mjini hapa tuktuk haivuki geti, lazima umshushe mteja barabarani. Siku moja nimebeba nyanya mmoja ana magunia mawili ya dagaa na begi, anaenda kuchukua pesa benki ndani. Askari akakataa. Gari ndogo nyuma yangu ikapiga honi, ikafunguliwa, ikapita. Nyanya akatembea ile lami yote ya maegesho kwa jua la saa saba, magunia nimebaki nayo mimi. Aliporudi akaniuliza, hii nyumba walijengea magari? Hiyo ndiyo Detroit mnayoizungumzia, ama nimekosea?

#17 DiasporaMI
Hujakosea hata kidogo, omera. Hata lile treni dogo la juu la Detroit, lililofunguliwa 1987, linazunguka mtaa wa katikati tu, kama kilomita 4.7. Lina kituo RenCen. Ukitoka mitaa ambako watu wanaishi halikusaidii chochote.

#18 Wakili_wa_Mchezo
Mnasahau jambo moja. Jumba hili limetumika karibu nusu karne. Linapigiwa picha, wenyeji wanalitambulisha kwa wageni. Hoteli yake ilipofunguliwa ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani, na mnara ule bado ndio mrefu kuliko majengo yote ya Michigan. Portman mwenyewe alifariki Desemba 2017 akiwa na miaka 93, ameacha majumba Atlanta, San Francisco, New York, hadi Uchina. Mnaliita kosa jengo ambalo miji mingi ingelililia. Kisumu ina nini cha kuonyesha? Sanamu ya samaki?

#19 NyarKibos
Ndefu kuliko zote hadi 1986, Singapore walipowapita, na waliopitwa hawakupungukiwa na kitu.

Hebu tuongee bei. Dola milioni 337 kujenga. GM wakainunua 1996 kwa kama milioni 73. Ukiondoa mfumuko wa bei wa miaka karibu 20, waliowekeza pesa zao walibaki na nini? Na zilikuwa pesa za kampuni 51 ambazo Ford alizishika mkono. Zingine zilikuwa zinamuuzia vipuri. Wewe ungekataa mwaliko wa mteja wako mkubwa?

#20 Wakili_wa_Mchezo
Basi umejibu swali la uzi. Halikufa kwa sababu ya mchoro, lilijengwa kwa pesa ambazo hazikuuliza maswali. Jengo linalojengwa kwa heshima ya mtu haliangaliwi hesabu.

#21 JaMilimani
Sasa tunakaribiana. Ila mchoro nao siuachilii.

#22 MtotoWaKakamega
Nashukuru kwa kunisahihisha, DiasporaMI. Swali jingine: nani analipa kubomoa? Maana huku kwetu jumba likikwama, ni mlipa kodi.

#23 DiasporaMI
Pendekezo la Novemba 2024, la GM na kampuni ya majumba ya Bedrock ya bilionea Dan Gilbert, lilikuwa la mradi wa dola bilioni 1.6, na humo walitaka kama milioni 250 za umma. Minara miwili ya upande wa mto inatoka ili pabaki uwazi wa kuelekea majini, hoteli inapunguzwa vyumba, sehemu nyingine zinakuwa nyumba za kuishi. Hapo ndipo watu walipopandwa na hasira. Wanasema tajiri alijenga, tajiri akanunua, sasa mnyonge achangie kubomoa. Wengine wanasema wasipochangia litabaki tupu pale mbele ya mto kwa miaka mingine 20, na hiyo nayo ina gharama.

#24 MtotoWaKakamega
Basi ni jamaa zetu kabisa. Pale Mamboleo si tunalo Lake Basin Mall? La shirika la umma, gharama ikapanda hadi zaidi ya bilioni 4, Seneti ikaja kuuliza. Sehemu kubwa ilikaa miaka bila wapangaji.

#25 FundiMstari
Hilo tuliache maana mambo yake yalifika mahakamani. Nitasema tu la mahali. Liko kwenye njia ya kwenda Vihiga, nje ya mji, na mtu anayeishi Nyalenda anahitaji magari mawili kufika kununua sukari.

#26 MzeeWaReli
Vijana, hamjambo. Nimesoma yote.

Mnaizungumzia Detroit kana kwamba ndiyo iliyoanza kuupa maji mgongo. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence, jina la mke wa Preston, aliyekuwa mmoja wa wajenzi wa reli. Tangu siku hiyo ufuo huu ni wa reli, wa bandari, wa maghala na matangi ya mafuta. Nimefanya kazi ndani ya ua ule. Ukisimama mwisho wa barabara ya Oginga Odinga unaona nini? Geti. Mtoto amezaliwa Manyatta anaweza kumaliza shule ya msingi hajagusa maji ya ziwa, na jina la mji wake kwenye redio ni mji wa ziwani. Maduka ya Wahindi ya zamani yote yanatazama barabara, mgongo uko kwa maji. Kwa hiyo msitishwe na zege ya Jefferson. Sisi ukuta wetu ulikuwa wa mabati na nyaya.

#27 JaMilimani
Mzee, ero kamano. Lakini reli ilikuwa na kazi. Mizigo ilikuwa inashuka kweli, inapanda meli kwenda Port Bell na Mwanza. Ukuta wa RenCen ulikuwa na kazi gani?

#28 MzeeWaReli
Kazi ya mtu mwingine, kijana. Kwa aliye nje ya ua ni kitu kimoja.

#29 NyarKibos
Na vile vibanda vya samaki vya Lwang'ni? Ndiyo ilikuwa sehemu pekee mtu wa kawaida anakaa, anatazama maji, anakula. Havikuwa na kibali, sawa, na moshi ulikuwa mwingi. Lakini Jumapili ungemkuta jaji na fundi wa baiskeli kwenye benchi moja. Vilibomolewa enzi bandari inafufuliwa.

#30 Wakili_wa_Mchezo
Na maji machafu ya kuoshea samaki yalikuwa yanaenda wapi, dada? Ziwani. Wengine wanaosha magari hapohapo. Tusiwe watu wa kulilia uchafu.

#31 NyarKibos
Tengeneza mfereji, weka vyoo, waache watu. Mbona hilo haliwi na picha ya kompyuta?

#32 MamaOmena
Samaki wa Lwang'ni nilikuwa nauza jamani. Kabla ya nguo. Walio na bahati walihamia Dunga, wengine wako barabarani.

#33 Kipande_cha_Nakuru
Mnaona sasa, uzi wa Detroit umefika kwenye samaki. Wajaluo nyinyi!

#34 TuktukNo9
Na wewe ulianza na magodoro.

#35 FundiMstari
Nirudishe kidogo. KICC, jumba la mikutano la Nairobi, ni ya enzi zilezile, ilimalizika 1973, orofa 28, mnara wa duara, na yenyewe ilijengwa kwa heshima ya watu. Lakini ina uwanja mpana mbele, unaweza kuingia kupiga picha ya harusi hata kama huna mkutano. Wasanifu wake, Nøstvik na Mutiso, walichora mnara ulioshuka hadi chini ukakanyaga ardhi. RenCen ilikanyaga jukwaa, jukwaa likakanyaga maegesho. Wanaotaka kujenga Kisumu nawauliza swali moja tu: nionyeshe mchoro wa orofa ya chini. Zile 30 za juu nitaziangalia kesho.

#36 Wakili_wa_Mchezo
Orofa ya chini iwe na milango kumi kila upande, kama mji hauna kazi watu wataingia kufanya nini? Kuota AC?

#37 MzeeWaReli
Mimi ningeuliza kwanza hati ya shamba iko kwa nani. Mpango wa maendeleo ya mji wa Kisumu (ISUD) wa 2013 ulizungumza kuhusu ufuo wa ziwa vizuri tu. Makaratasi hayakuwa shida.

#38 DiasporaMI
Kuna mtu kaniuliza pembeni kama hoteli bado inapokea wageni. Unapokwenda piga simu kwanza, mambo yanabadilika kila mwezi. Ukifika tembea nje kwenye njia ya kando ya mto. Hiyo ni nzuri kweli, watoto wanaendesha baiskeli, wazee wanavua samaki, na hulipi kitu.

#39 TuktukNo9
Wanavua samaki gani huko?

#40 DiasporaMI
Wanaitwa walleye. Wana meno. Nyanya yangu angewakataa.